Trekta letu dogo na umeme wa dharura

(Maneno ya Katibu wa Tawi mbele ya mkutano wa wanaushirika. Yameandikwa hapa ubaoni kwa ajili ya ndugu ambao hawakuwahi kufika.)



Neno langu leo ni moja. Kila masika umeme ukikatika watu wananijia na swali lilelile: "Ndugu Katibu, pawatila ya ushirika imelala bandani, kwa nini isituwashie taa?" Swali ni zuri, na jibu ni kwamba inaweza. Lakini inaweza pia kuua mtu, na mtu huyo si lazima awe wa hapa kijijini. Kwa hiyo tusikilizane.

Kwanza tujue inavyofanya kazi. Injini ya pawatila ina gurudumu la pembeni linalozunguka. Likifungwa mkanda linaweza kuzungusha pampu, mashine ya kusaga, au dainamo. Dainamo ni jenereta isiyo na injini yake. Ukiizungusha inatoa umeme. Injini tunayo. Cha kununua ni dainamo, puli, mkanda, mita na swichi.

Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230, nao unapigapiga mara 50 kwa sekunde. Ili dainamo itoe umeme wa namna hiyo, lazima izunguke kwa mwendo wake: nyingine mara 1,500 kwa dakika, nyingine 3,000. Imeandikwa kwenye kibati chake. Haya, wenzangu wa kisomo, hesabu hii ni yetu. Injini inazunguka mara 2,000 kwa dakika na puli yake ina upana wa sentimita 15. Zidisha, unapata 30,000. Gawanya kwa 1,500, unapata 20. Basi puli ya dainamo iwe ya sentimita 20. Mtu akituletea ya 15 kwa sababu ndiyo aliyoikuta dukani, umeme utapanda na vyombo vitaungua. Mnaona faida ya kisomo?

Pili, uwezo wake. Pawatila yetu ni ya nguvu za farasi 15. Nguvu moja ya farasi ni wati 746, kwa hiyo zote ni kama wati 11,000. Lakini mkanda unakula, dainamo inakula, na injini haifai kukamuliwa mpaka mwisho. Kanuni ya mafundi ni nguvu 2 za farasi kwa kila wati 1,000, tena ubakize akiba. Tuhesabu wati 5,000, basi.

Wati 5,000 si haba. Taa 10 za kisasa ni wati 100 tu. Jokofu dogo ni kama wati 200. Pampu ya maji ya nguvu moja ya farasi ni 750, ila wakati wa kuanza inavuta mara 3 hata 6 ya hizo, kwa hiyo ianze peke yake, vingine vifuate. Lakini birika moja la umeme linaweza kula wati 2,000. Nyumba tatu zikichemsha chai kwa pamoja, giza kijiji kizima. Chai ichemshwe jikoni kama siku zote.

Na kusaga je? Kama ni kusaga unga, msipitie kwenye umeme. Fungeni mkanda moja kwa moja kwenye kinu. Kugeuza nguvu kuwa umeme, halafu umeme kuwa nguvu tena, ni kumwaga dizeli njiani.

Tatu, na hapa naomba hata vijana walio nyuma wanisikilize. Nimesikia wapo wanaosema swichi ni gharama bure. Tutengeneze waya wenye meno ncha zote mbili, ncha moja kwenye dainamo, nyingine kwenye soketi ya ukutani, na nyumba itawaka. Ni kweli itawaka. Na umeme huo huo utatoka nje kupitia mita, upande nguzoni mpaka kwenye transfoma. Transfoma ndiyo inayoshusha umeme wa volti 33,000 au 11,000 uwe wa kutumia nyumbani. Lakini yenyewe haijui umeme umetokea upande gani. Ukiuingiza kwa chini, inaupandisha juu. Kule ng'ambo ya mto fundi wa TANESCO amepanda nguzo kuunganisha waya uliokatika. Ameambiwa laini imezimwa. Anaushika. Amekufa, na aliyemuua amekaa sebuleni anasikiliza redio.

Ndugu zangu, fundi yule ni mtoto wa mtu. Ametoka kwao usiku, kwenye mvua, kuja kuturudishia umeme sisi. Hayo ndiyo malipo yake? Hata wewe mwenyewe huna salama: ukichomoa waya ule, meno yaliyo wazi yana umeme. Na umeme wa nguzoni ukirudi ghafla, dainamo inaungua papo hapo.

Dawa ni swichi ya kubadilishia. Ikielekea juu, nyumba iko na nguzo. Ikielekea chini, nyumba iko na dainamo. Haiwezi kushika pande mbili kwa wakati mmoja. Ifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, pamoja na waya wa ardhini, na ofisi ya umeme iarifiwe kwanza. Bila swichi hiyo, pawatila isitoke bandani.

Nne, nguo na moshi. Mkanda unaozunguka hauna huruma. Trekta dogo la magurudumu manne lina mhimili wa nyuma unaozunguka mara 540 kwa dakika. Gawanyeni kwa 60: ni mara 9 kwa sekunde moja. Ncha ya kanga ikinaswa, kabla hujasema "mama" umezungushwa mara tisa. Kwa hiyo mkanda na mhimili vifunikwe kwa kinga ya bati, watoto wakae mbali, na mwendeshaji asivae shuka. Na injini ikae nje, mbali na madirisha. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu analala nayo na haamki.

Tano, gharama. Ikibeba mzigo wa wati 5,000, pawatila itakunywa karibu lita 2 za dizeli kwa saa. Usiku wa saa 10 ni lita 20. Nani atalipa? Dizeli ya ushirika ni ya kulimia. Trekta hili lilinunuliwa kwa mazao ya wanachama wote, halikununuliwa ili nyumba za karibu na banda ziangalie mpira.

Kwa hiyo naleta mapendekezo, mkutano uamue:

1. Umeme wa dharura uanze na zahanati. Chanjo zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8 za joto, na mama anayejifungua hamsubiri mtu. Wa pili ni pampu ya maji. Simu zichajiwe ofisini, kwa malipo, na fedha hizo ziwe za dizeli.

2. Wateuliwe waendeshaji wawili tu, na wafundishwe. Kuwasha: injini kwanza, mita isome 230, ndipo mizigo iunganishwe mmoja mmoja. Kuzima: mizigo kwanza, injini mwisho.

3. Pawasilishwe daftari la saa na lita, lisomwe kila mkutano.

4. Wakati wa kulima, shamba kwanza. Hapo pawatila itaondolewa shambani kwa ajili ya zahanati peke yake.

5. Atakayekutwa na waya wa meno mawili, waya huo ukatwe hadharani.

Msiniambie kwamba Katibu anazuia maendeleo. Taa nazitaka kama ninyi. Nataka tuwashe bila msiba.

Ushirika hoyee!