Mbegu Haifukuliwi
Somo la redio juu ya kukua kwa roho



Leo nataka tusemezane juu ya jambo linalowasumbua wengi. Mtu amebatizwa. Anasali asubuhi na jioni, wala Dominika hakosi kufika kanisani. Lakini akijitazama ajiona ni yule yule wa zamani: hasira ile ile, woga ule ule. Basi ajiuliza: "Je, neema ya Mungu yafanya kazi ndani yangu, au najisumbua bure?"

Bwana wetu alijibu ulizo hilo kwa mfano wa mbegu, katika Injili ya Mtakatifu Marko, sura ya 4. Mkulima amekwisha kupanda, amerudi nyumbani kwake. Siku zapita, na huko shambani kazi yaendelea pasipo yeye kuiona wala kujua siri yake. Ninyi wakulima mwaufahamu mfano huo vema. Mahindi yataka miezi mitatu au minne. Muhogo mara nyingi wataka mwaka mzima. Mchikichi hukungojesha miaka 3 au 4 kabla ya kukupa mkungu wa kwanza. Ukimwona mtu anafukua mbegu kila asubuhi ili aone kama imeota, utasema amerukwa na akili. Lakini sisi twafanya vivyo hivyo na roho zetu.

Nitawasimulia yaliyonipata mimi mwenyewe. Katika miaka yangu ya kwanza ya ukatekista, mwanangu wa kwanza alikufa kwa homa, wakati wa kiangazi. Watoto wengine pia walikufa mwaka ule kwa homa ile ile iletwayo na mbu. Lakini usiku wazee wa ukoo walinijia wakasema, "Mtoto hafi bure. Nenda kwa mfumu, akuonyeshe aliyemla." Tena walikwisha kumtaja mtu: mjane wa baba yangu mdogo, ambaye nyumba yake ni jirani na yangu. Sikwenda kwa mfumu, kwa kuwa mimi ni katekista, na watu wangeniona. Lakini moyoni nilikuwa nimekwisha kwenda. Niliacha kumsalimu mama yule. Nilipita njia nyingine nisikutane naye. Sala zangu zikawa kavu kama majani ya kiangazi. Nilifundisha wengine juu ya mapendo, nami sikuwa nayo.

Mvua zikanyesha, tukapanda. Padri alipokuja kutembelea kijiji chetu, nilimwambia, "Padri, sala yangu imekufa."

Akaniuliza, "Muhogo uliopanda nyuma ya nyumba, umeota?"

"Umeota vizuri, Padri."

"Ulifanya nini ili uote?"

"Nililima, nikapanda, nikapalilia."

"Na usiku?"

"Usiku nililala, Padri."

Akacheka kidogo, akasema, "Mungu hakulala. Sala kavu nayo ni sala, usiiache. Lakini niambie, magugu umeyang'oa yote?"

Nikanyamaza, maana nililijua gugu langu.

Siku ile nilipokea sakramenti ya Kitubio. Tangu hapo nikasali kila jioni Salamu Maria moja kwa ajili ya mama yule. Mwanzoni maneno yalinikwama kooni, wala sikuona badiliko lolote. Mahindi yakachanua, yakakomaa, Kwaresima ikafika. Siku moja nilimkuta njiani amebeba mzigo wa kuni. Kabla sijafikiri, mdomo wangu ukasema, "Jambo, Mama."

Akatua mzigo wake, akanitazama, akasema, "Jambo, mwanangu. Nilimlilia mtoto wako peke yangu nyumbani, kwani niliogopa kuja kilioni."

Niliuchukua mzigo ule mwenyewe, nikaupeleka hata mlangoni pake, na watu walituona. Ni lini chuki ilikufa moyoni mwangu? Sijui. Ilikufa usiku mmoja nilipokuwa nimelala, na Mungu alikuwa akifanya kazi.

Wapenzi, tusikosee hapa. Kufuata majira ya Mungu si kulala kama gogo lichukuliwalo na mto. Mwenye mtumbwi hashindani na mkondo wa maji, lakini kafi haliweki chini. Nasi hatuna nguvu ya kuikuza roho. Kazi hiyo ni ya Mungu. Iliyo yetu ni jembe: kusali, kupokea Sakramenti, kung'oa magugu, na kungoja pasipo kunung'unika.

Tunaye ndugu yetu wa nchi hii hii ya Kongo, Mwenye Heri Isidore Bakanja. Alikuwa kijana msaidizi wa waashi huko Mbandaka. Alifundishwa dini, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Mwaka 1909 msimamizi mmoja wa kampuni alimwamuru avue skapulari ya Bikira Maria. Akakataa. Akapigwa viboko vikali hata mgongo wake wote ukawa kidonda kisichopona. Aliteswa na vidonda hivyo miezi mingi, akafa tarehe 15 Agosti 1909, amekwisha kumsamehe aliyempiga na kuahidi kumwombea mbinguni. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994.

Fikirini: tangu Ubatizo wake hata kifo chake ni miaka 3 na miezi mitatu tu. Msamaha ule haukuzaliwa siku ya viboko. Ulikua polepole, katika rozari aliyoisali baada ya kazi, siku ambazo hakuna aliyemtazama. Viboko vilifunua tu kilichokuwa kimekwisha kukua.

Basi juma hili kila mmoja afanye mambo matatu. La kwanza: asiache sala yake ya jioni, hata ikiwa kavu. La pili: atafute gugu lake moja, alitaje katika Kitubio. La tatu: kama yuko mtu ambaye hamsalimu, amwombee kila siku kwa jina lake. Asijipime kesho asubuhi. Mbegu haifukuliwi.

Tuombe. Ee Mungu Baba, mwenye kukuza vyote, utupe mikono ya kulima na moyo wa kungoja. Yale usiyotuonyesha leo, utujalie kuyaamini, hata siku ya mavuno. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.