Picha ya Wanyama Wakisalimiana: Tunapima Uzuri au Tunapima Tendo?

Mada kwa semina ya waamuzi wa mashindano ya picha, Bombolulu, Mombasa



Niliombwa nieleze maana ya ubora wa picha ya mnyamapori. Hilo sitalikawilia, maana fomu zetu za alama zinalisema: mwanga, mpangilio, macho ya mnyama yasiwe na ukungu, tukio lisiwe la kila siku, na mnyama asisumbuliwe. Kila aliyeketi humu anayajua.

Langu ni alama tunazotoa kwa tendo ambalo hatukulithibitisha. Picha za twiga wawili waliopindana shingo huletwa na maelezo ya “salamu” au “mahaba”, nazo hupata alama za juu. Mara nyingi hao ni madume wanaopigana. Dume huirusha shingo amgonge mwenzake kwa kichwa, na pigo likimpata sawasawa, aliyepigwa huweza kuanguka. Picha ya fisi madoa wawili waliosimama kichwa kwa mkia, kila mmoja ameinua mguu wa nyuma ili mwenzake amnuse sehemu za siri, huwekwa kando kwa kuwa inatia haya. Na hiyo ndiyo salamu yao hasa. Aghalabu wa cheo cha chini ndiye hutangulia kuinua mguu. Ugomvi tunautuza, salamu tunaikataa! Nimelisema hili vikaoni miaka nenda miaka rudi, na bado linarudi.

Ndovu ndio wagumu zaidi. Utafiti wa Amboseli, ulioanzishwa na Cynthia Moss mwaka 1972 na kuendelezwa pamoja na Joyce Poole, umeeleza jinsi jamaa waliopoteana wanavyopokeana: vichwa juu, masikio yakipigapiga, wananguruma, wanatiana mikonga vinywani, wanakojoa, na majimaji yanatiririka kutoka tezi za panjani. Kwa ndovu wa Tsavo mchirizi huo huonekana wazi juu ya vumbi jekundu. Lakini mchirizi peke yake hautoshi, kwa sababu dume aliye katika kipindi cha kutafuta majike naye hutiririkwa. Wala mkonga mdomoni hautoshi. Dume kijana humtilia mkubwa wake mkonga mdomoni kwa heshima, na baada ya muda mfupi huweza kusukumana pembe wakijaribiana nguvu. Mwamuzi aliyepewa picha moja atajuaje alichokiona?

Mfano mzuri tunao jirani, mwendo mfupi wa matatu kwenye barabara hii ya Malindi. Baada ya tsunami ya Desemba 26, 2004, kiboko mchanga aliyepoteana na kundi lake aliokolewa baharini karibu na Malindi, akapewa jina Owen na kuletwa Haller Park, Bamburi. Humo alimkuta Mzee, kobe mkubwa wa jamii ya Aldabra. Picha za Peter Greste zilizunguka dunia nzima. Ukitazama moja tu, kiboko ameegemea gamba, utadhani walipendana walipoonana. Masimulizi ya waliowatunza ni mengine: mwanzoni kobe alijitenga, kiboko ndiye aliyemng’ang’ania, na mazoea yakaja polepole. Kwangu mimi, uzito wa picha zile uko katika mfululizo huo unaojulikana, zaidi ya upole unaoonekana.

Hata London wamepitiwa. Picha ya mbwa-mwitu akiruka lango, iliyoshinda tuzo kuu ya Wildlife Photographer of the Year 2009, ilivuliwa ushindi Januari 2010, waamuzi walipoona kuwa yaelekea mnyama yule alifugwa.

Haya ni maoni yangu. Hayajapitishwa na kamati yoyote, wala simshutumu mratibu wa mashindano. Najua fedha ni chache na muda wa kuamua ni mfupi.

Napendekeza kila picha inayodai salamu iletwe na picha za kabla na za baada, pamoja na faili ghafi kutoka kwenye kamera. Mpiga picha aandike mahali, saa, na kama mnyama ni wa porini au wa hifadhi ya kufugiwa kama Haller Park. Wa kufugwa asikataliwe, ila isemwe. Maneno kama “mahaba” yasiongeze alama. Jopo liwe na mtu mmoja anayejua tabia za wanyama, hata mlinzi mstaafu wa mbuga, na asikilizwe kabla alama hazijajumlishwa. Picha ya fisi ipimwe kama ya twiga. Narudia, picha za kabla na za baada ziwe sharti, zisiwe ombi. Na fomu ya alama iongezwe swali moja juu kabisa, kabla ya mwanga na mpangilio: ni nini kilichokuwa kikitendeka? Rasimu ya fomu hiyo nimeiambatanisha, na naomba ijadiliwe leo alasiri, kabla ya usajili wa washiriki kufunguliwa.