Nia Njema Isiyo na Masikio



Katika Jubilei hii twamshukuru Mungu kwa mema mengi: makanisa, shule, na watu wengi waliobatizwa. Lakini shukrani yaweza kugeuka usingizi. Mtu mwovu akikosa, dhamiri humsuta. Bali mtu mwema huuegemea wema wake, wala haulizi tena. Hatari hiyo ndiyo tunayotaka kuinena leo.

Itazameni milima yetu ya Usambara. Mwaka 1946 Serikali ya Waingereza ilianza kazi kubwa katika bonde la Mlalo. Mabwana shamba waliona kwamba mvua inauchukua udongo wa miteremko, na waliyoyaona yalikuwa kweli. Nia yao ilikuwa kuuokoa. Wakaamuru watu walime kwa matuta, na aliyekataa aliweza kushtakiwa. Wenye mashamba wakanena: kazi hii ni nzito mno, hasa kwa wanawake washikao jembe, tena twaogopa kunyang'anywa ardhi. Maneno yao yakahesabiwa kuwa ukaidi. Chuki ikazidi mwaka kwa mwaka, hata kazi ile ikaachwa kabla ya Uhuru wa 1961.

Lakini kosa halikuwa la upande mmoja. Matuta yalipoachwa, watu walishangilia kana kwamba mvua nayo imeshindwa, na udongo ukaendelea kuteremka. Mwaka 1981 ilianza kazi nyingine hapa Lushoto, ya kupanda majani na miti kwa kukingama mteremko. Majani hayo huzuia udongo, tena hulisha ng'ombe; mkulima aiona faida yake kwa macho.

Twapenda kuwaambia watoto: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli. Lakini mkuu asiyesikia la mdogo naye huvunjika, na huwaangusha wengi pamoja naye. Apolo alikuwa hodari katika Maandiko. Hata hivyo alikubali kufundishwa na Akila na Prisila, mafundi wa kushona hema.

Basi, walimu, tukiisha kufundisha, tuketi tuulize. Katika baraza la wazee, yule mama aliyenyamaza aombwe kunena kabla hatujakata shauri. Na akitupinga, tusiseme upesi kwamba hana imani. Labda ameuona udongo unaoteremka nyuma ya nyumba yetu.

Mungu atujalie mioyo myema, na masikio pamoja nayo. Amina.