Oveni Ikikataa Kupata Moto: Mambo ya Kufanya na Mambo ya Kuacha

(Maneno haya yalisemwa kwenye mkutano wetu wa Jumamosi wa familia mpya. Tunayachapisha kwa ombi la waliokosa kufika.)



Leo nataka tuongee juu ya jiko la gesi, hasa ile oveni ya chini. Najua wengine mtacheka: tumevuka bahari, halafu huyu anatufundisha jiko! Lakini katika kazi yangu simu za jiko hazipiti wiki bila kunifikia, na mara nyingi zinakuja zimechelewa. Mtu anapiga leo, oveni iliharibika mwezi uliopita.

Hata nyumbani kwetu ilikuwa hivyo. Tulipotoka kambi ya Nyarugusu na kufika hapa Marekani, mimi nikiwa bado kijana wa shule, oveni ya nyumba yetu ya kwanza ilianza kusumbua. Mama anawasha, anangoja, kimya. Siku nyingine inachelewa sana, halafu inashika kwa kishindo: puu! Nikamwambia mama tumpigie mwenye nyumba. Akakataa. Alisema, "Sisi ni wageni. Tukianza kulalamika, watatutoa." Tukanyamaza wiki tatu. Siku moja baba akapiga magoti, akafungua mlango wa oveni, akaingiza kiberiti. Gesi ilikuwa imekusanyika mle ndani. Moto ulimrukia, ukamchoma nyusi na mkono. Tunamshukuru Mungu macho yake yalipona.

Siku ya pili yake fundi alikuja, akabadilisha kifaa kimoja kidogo, akaondoka kabla ya saa moja kuisha. Hatukulipa hata senti. Wiki tatu za woga, na mkono wa baba, kwa kazi ya chini ya saa moja. Ndiyo sababu nasimama hapa leo.

Sasa tuanze na lililo kubwa kuliko yote: harufu. Gesi ya nyumbani kwa asili haina harufu. Kampuni huitia dawa yenye harufu ya mayai yaliyooza ili mtu ajue ikivuja. Ukisikia harufu hiyo kwa nguvu, au ikiendelea hata baada ya kuzima jiko, usitafute chanzo. Usiwashe taa wala kuizima, usiwashe kiberiti, usipige simu ukiwa ndani. Chukua watoto, tokeni nje, sogeeni mbali na nyumba, ndipo upige 911 au namba ya dharura ya kampuni ya gesi. Kama Kiingereza bado ni kigumu, taja anwani yako, sema "gas", halafu sema "Swahili". Watatafuta mkalimani. Msirudi ndani mpaka waseme ni salama.

Kama hakuna harufu, yapo mambo machache unayoweza kuangalia mwenyewe bila kushika chombo chochote cha fundi.

La kwanza, umeme. Wengi wanashangaa: jiko ni la gesi, umeme wa nini? Oveni nyingi za hapa haziwaki bila umeme. Angalia saa ya jiko. Kama imezimika kabisa, huenda plagi imechomoka au swichi kwenye kisanduku cha umeme imejikata. Isukume hiyo swichi mpaka mwisho upande wa kuzima, kisha irudishe. Ikijikata tena, iache, hiyo ni kazi ya fundi. Msivute jiko kutoka ukutani kutafuta plagi, maana nyuma yake kuna bomba la gesi.

La pili, vitufe. Watoto hupenda kuvichezea. Ukiona neno LOCK au alama ya kufuli, jiko limefungwa. Mara nyingi unabonyeza kitufe hicho na kukishikilia sekunde chache, linafunguka. Angalia pia kama limepangwa kuwaka baadaye kwa saa, na kama ulibonyeza BAKE ukasahau START.

La tatu, namba za joto. Hapa wanapima kwa Fahrenheit. Mama mmoja alinipigia akisema oveni yake haiivishi kuku hata baada ya saa mbili. Nilipofika nikakuta ameweka 180, kama alivyozoea kwa Selsiasi. Kumbe 180 ya hapa ni kama nyuzi 82 tu za Selsiasi, joto la kutunzia chakula kisipoe. Alichotaka yeye ni 350. Oveni yake ilikuwa nzima kabisa! Kumbuka pia kuingoja dakika 10 hadi 20 ipate joto kabla ya kuweka chakula.

La nne, gesi yenyewe. Washa jiko la juu. Likitoa mlio wa cheche bila moto, lizime mara moja. Huenda gesi haiingii ndani: pengine imefungwa, au akaunti ya gesi haijafunguliwa kwa jina lako, au bili imesahaulika. Tupigie tuangalie pamoja. Lakini kama majiko ya juu yanawaka vizuri na oveni peke yake inakataa, basi kasoro iko ndani ya oveni.

La tano, usafi. Toeni sufuria mlizohifadhi humo. Msitandike karatasi ya aluminiamu kwenye sakafu ya oveni, inaziba matundu ambayo hewa na joto hupitia.

Ukimaliza hayo, ijaribu mara moja. Weka BAKE, 350, START, na mlango ukiwa umefungwa. Simama karibu usikilize. Kwa kawaida katika dakika moja hivi, dakika moja na nusu ikizidi, utasikia moto ukishika kwa sauti ya taratibu. Muda huo ukipita bila moto, au ukisikia harufu ya gesi, zima. Usijaribu tena na tena.

Kwa nini inakataa? Oveni nyingi za gesi zina kiwashio kama kijiti kinachopata moto kwa umeme mpaka kinakuwa chekundu. Kikishapitisha umeme wa kutosha, vali inafunguka, gesi inatoka, moto unashika. Kikizeeka kinachoka. Bado unaweza kukiona chekundu, lakini hakina nguvu ya kufungua vali, au gesi inatoka na moto unachelewa. Hicho ndicho kilichokuwa kwetu. Kwa hiyo oveni inayoshika kwa kishindo haifai kuvumiliwa, hata kama mwishoni inaiva. Acheni kuitumia siku hiyohiyo. Na kiberiti msikiingize kamwe.

Jambo jingine ambalo halina mjadala: msipashe nyumba joto kwa oveni, wala msiingize jiko la mkaa ndani kama tulivyozoea kambini. Nyumba za hapa zimezibwa, hewa haipiti. Moto hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi, isiyoonekana wala kunuka. Mkiumwa kichwa, mkisikia kizunguzungu na kichefuchefu wote kwa pamoja, tokeni nje na mpige 911. King'ora cha hewa hiyo kikilia, msitoe betri. Tokeni.

Sasa, kumwambia mwenye nyumba. Kama jiko mlilikuta ndani ya nyumba, kwa kawaida kulitengeneza ni kazi yake. Sheria hutofautiana jimbo na jimbo, kwa hiyo leteni mkataba wenu tuusome pamoja. Mwambieni kwa maandishi, si kwa mdomo tu. Ujumbe wa simu unatosha: "My oven is not heating. Please repair it." Ongeza namba ya nyumba na tarehe iliyoanza, piga picha, na usifute ujumbe huo. Kama moto unachelewa au unashika kwa kishindo, mtaje hilo, ajue ni hatari. Asipojibu siku mbili au tatu, nipigieni. Msiache kulipa kodi kwa hasira kabla ya kupata ushauri, maana hapo ndipo mtu anaweza kufukuzwa kweli. Na msimlete jirani "anayejua mambo ya gesi".

Wazazi wangu, najua tulikotoka. Kule mtu aliyenyamaza alikaa salama. Lakini hapa kumwambia mwenye nyumba kwamba jiko limeharibika si utovu wa adabu, na si kukosa shukrani. Kodi mnalipa. Yeye mwenyewe hataki nyumba yake iungue.

Baba yangu bado ana alama mkononi. Wageni wakija kwetu huwaonyesha, anacheka, anasema, "Hii ndiyo shule yangu ya kwanza Marekani." Nyinyi shule hiyo mmeisoma leo bila kuungua. Ukifika nyumbani, washa oveni, isikilize. Na kama ina kasoro, nitumie ujumbe leo, usingoje Jumatatu.

Mwenye swali aulize.