Salum Abdallah na Shule ya Santuri

Leo tuko Morogoro, kwa Salum Abdallah Yazidu, mtunzi na mwimbaji wa bendi ya Cuban Marimba, aliyezaliwa mwaka 1928 na kufariki 1965 baada ya ajali ya gari.

Shule yake ya muziki ilikuwa gramafoni. Kuanzia mwaka 1933, kampuni ya His Master's Voice ilitoa mfululizo wa santuri zenye alama GV, nyingi zikiwa za muziki wa Kuba, zikaenea Afrika. Santuri hizo zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja uliisha kwa dakika tatu hivi. Ukitaka tena, unazungusha mpini, unarudisha sindano mwanzo. Ndivyo sikio lilivyofunzwa: kwa kurudia. Kijana Salum alipagawa nazo. Inasimuliwa kwamba alitoroka nyumbani akitaka kwenda Kuba, safari ikamkomea Mombasa. Mwaka 1948 akaanzisha bendi ya La Paloma, na 1952 ikaja Cuban Marimba.

Je, aliiga tu? Sisemi hivyo, na sababu yangu imo katika mpangilio wa nyimbo zenyewe. Katika muziki wa son wa Kuba, mwimbaji huanza na beti zake taratibu, kisha huingia kiitikio kinachorudiwa, naye akitamba juu yake. Mtu aliyekulia kwenye ngoma hahitaji kufundishwa hilo: manju hutoa, waitikiaji hupokea. Tena sehemu kubwa ya midundo ile ilifika Kuba na Waafrika waliouzwa utumwani, wakiwemo wa Kongo.

Mdundo, basi, ulieleweka mara moja. Kihispania ndicho kilichokuwa kigeni Morogoro, na pengo hilo likampa mtunzi kazi. Akalijaza kwa Kiswahili: mapenzi, nasaha, salamu za sikukuu. Wimbo wake "Mkono wa Idd" bado hupigwa redioni Idi inapofika, na wengi wanaoucheza hawana habari na Kuba.

Santuri zilimpa Salum namna ya kuimba; la kuimba alilitafuta kwao. Tuusikilize wimbo huo wa "Mkono wa Idd" sasa. Fuatilia kwanza magitaa, kisha sikiliza waitikiaji wanapoingia.