Bando Moja Latosha Simu na Kishikwambi

Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja katika mkutano wa tawi, Kisumu



Mimi si fundi wa simu, ni mtu wa reli kama ninyi. Lakini neno langu lahusu mfuko wa kila mmoja wetu: wengi twalipia intaneti mara mbili bila sababu.

Mwaka jana nilinunua kishikwambi, ambacho wengine hukiita tableti, kwa ajili ya masomo ya watoto. Nikakitia laini yake. Tangu siku ile nikawa nanunua bando la simu na bando la kishikwambi. Tufanye hesabu. Ukitoa shilingi 250 kila wiki kwa laini ya pili, kwa wiki 52 umetoa shilingi 13,000. Ndugu zangu, hiyo ni karo, ni unga, ni gorogoro nyingi za omena. Na mara nyingi bando la simu lilikwisha muda wake nusu haijatumika, huku watoto wanalia kuwa kishikwambi hakina kitu.

Binti yangu ndiye aliyenifungua macho. Akasema, "Baba, simu yako yaweza kukigawia kishikwambi." Nikaona haya kidogo, lakini nikamsikiliza.

Jambo lenyewe ni hivi. Reli ilifika hapa Kisumu mwaka 1901, na kwa miaka mingi mzigo ulishushwa behewani na kupakiwa melini. Mwaka 1966 ikaanza kazi meli ya Uhuru, inayobeba mabehewa yenyewe. Behewa lapita gatini, laingia melini, safari yaendelea, wala mzigo haukatiwi tikiti ya pili. Simu nayo ni kama gati. Yapokea intaneti kutoka kwenye mnara, kisha yaipitisha kwa waifai mpaka kwenye kishikwambi. Bando ni moja.

Namna ya kufanya: fungua mipangilio ya simu, tafuta hotspoti, iwashe. Weka neno la siri. Kisha kwenye kishikwambi fungua waifai, chagua jina la simu yako, andika neno lile. Basi. Na kama hujanunua kishikwambi bado, tafuta kisicho na nafasi ya laini. Kwa kawaida bei yake ni ndogo kuliko ya kile chenye laini.

Lakini sikilizeni makosa yangu, msiyarudie. Siku ya kwanza bando la wiki lilikwisha jioni ileile. Kwanza, neno langu la siri lilikuwa 12345678, na vijana wa ploti walilijua kabla yangu. Pili, kishikwambi kikiona waifai hudhani ni ya bure, kikaanza kupakua programu mpya chenyewe. Kwa hiyo weka neno gumu, zima upakuaji wa wenyewe, na kiambie kishikwambi kuwa waifai hii ni ya kulipiwa. Video nazo zitazamwe kwa picha ya kiasi, maana picha safi sana hula bando upesi. Mkimaliza, zimeni hotspoti, kwani hula betri pia. Tena someni masharti kabla ya kununua: bando la WhatsApp peke yake halitafungua masomo.

Mwenzangu mmoja ameniuliza, "Na sisi wa zamu ya usiku? Simu yaondoka nami, watoto wabaki gizani." Ameuliza vyema. Mimi kabla ya kutoka huwasha hotspoti, watoto wakapakua somo la jioni na kulihifadhi kwenye kishikwambi. Nikiisha kwenda, wasoma bila intaneti. Lakini kama mama wa nyumba ana simu yenye intaneti, hesabuni pamoja: pengine bando lafaa kukaa katika simu yake, si yako.

Namaliza, Bwana Mwenyekiti. Asije mtu akasema, "Kumbe mishahara yatosha, wafanya kazi wabane matumizi tu." Hapana. Mshahara wa haki tutaendelea kuudai kwa umoja wetu, na akiba hii haiwi jibu la dai lile. Lakini shilingi iliyokwisha kupatikana kwa jasho isivuje kwa kutojua. Mimi ile laini ya pili nimeitoa, na fedha yake yaenda kwenye chama cha akiba na mikopo kila mwisho wa mwezi. Asiyejua kuwasha hotspoti na anifuate baada ya mkutano, tutaiwasha pamoja. Haba na haba hujaza kibaba.