Israfu, Plastiki na Vijidudu: Mawaidha ya Ramadhani

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na sahaba zake. 

Ndugu zetu mlioko Dallas, Fort Worth na Houston, kila tunapofuturu, mapipa yetu hujaa chupa za maji zilizonywewa nusu. Vijana wetu huuliza: si vipo vijidudu vinavyokula plastiki? Basi wasiwasi wa nini?

Naam, vipo. Mwaka 2016 wataalamu wa Japani walitangaza bakteria waliopatikana mjini Sakai, penye kiwanda cha kurejeleza chupa. Bakteria hao hutoa vimeng'enya vinavyoikatakata plastiki ya chupa, iitwayo PET, ikawa chakula chao. Utando mwembamba tu uliwachukua wiki sita hivi. Mwaka 2022, hapa Texas, watafiti wa Chuo Kikuu kilichoko Austin walitangaza kimeng'enya kilichoboreshwa kwa msaada wa kompyuta, kilichomaliza baadhi ya plastiki hiyo kwa siku moja. Nako Nairobi, mwaka 2024, taasisi ya icipe ilieleza habari za funza wa mbawakawa atafunaye polistirini, ile ya vikombe vyeupe vya povu, akisaidiwa na bakteria wa tumboni mwake. Subhanallah!

Lakini tusijidanganye. Hayo yamefanyika maabara, kwa joto lililopimwa. Chupa ngumu hubidi kwanza iyeyushwe ndipo kimeng'enya kiiweze, na mfuko wa dukani ni plastiki ya namna nyingine, isiyokatwa na kimeng'enya hicho. Chupa tuitupayo jaani leo haina wa kuipokea.

Na hata dawa ikienea, hukumu ya israfu haibadiliki. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji. Sisi twafungua chupa, twapiga mafunda mawili, twatupa. Kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani. Itakuwaje basi kwa yule anayeuweka?

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, Tanzania Bara mwaka 2019, na jamaa zetu wakarudia vikapu. Je, sisi tutashindwa na birika na vikombe? Basi kuanzia kesho kila nyumba ije na vikombe vyake, na msikitini tuweke madumu ya maji yenye bomba.

Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu, na atujaalie kuwa waangalizi wema wa ardhi yake. Amin.